Gari Lililokunywa Chai Kwanza

Kra-kra-kra-kra, halafu kimya. Kama mtu ametikisa punje za mahindi ndani ya kopo la bati, kisha akakumbuka kuna mtoto amelala. Nilikuwa nimesimama asubuhi nje ya geti la baba yangu mdogo, Moshi mjini, begani nimebeba mkungu wa ndizi aliotuma mama. Mlio ulitoka upande wa pili wa ukuta, mara moja tu. Hadi leo mtu akitikisa mahindi jikoni, shingo inanisisimka.

Baba mdogo akafungua geti. Nyuma yake gari lilikuwa linaunguruma kwa upole kama paka aliyeshiba.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu! Mbona mapema hivi? Umelala barabarani?"

"Nimepata lifti ya gari la maziwa."

"Basi karibu. Nilikuwa nalipasha moto kidogo. Magari ni kama watu, yanataka chai kwanza."

Nikacheka, maana mimi kucheka sihitaji kusukumwa. Kisha nikauliza, "Kuna kitu kilikuwa kinagonga humu?"

"Geti hilo. Bawaba zimekufa."

Alipoingia ndani na ndizi zake nikalisukuma lile geti polepole, nikalirudisha, nikalisukuma tena. Halikusema kitu. Hapo ndipo shaka iliponiingia, na ikikuingia shaka juu ya mtu uliyemwamkia tangu hujajua kutembea, unajiona wewe ndiye mwenye kasoro.

Gari lenyewe lilikuwa la fedha, yale ambayo si ya chini ya kukwaruza tumbo kwenye mawe, wala si yale makubwa ya kubebea watalii. Wenyewe huyaita krosova. Nilikuwa nimeliota kabla sijaliona. Ndoto yangu ilikuwa kubeba wageni wanaokuja kuangalia kahawa na maporomoko ya maji kwetu juu, wageni wawili watatu wasiotaka kukodi gari kubwa zima. Niliishia kidato cha nne, na fizikia tuliachana kwa amani, lakini kuendesha najua na kuongea najua. Mama aliiamini ndoto hiyo kuliko mimi. Alikuwa na ng'ombe wawili wa maziwa. Mmoja akamswaga hadi mnadani Sanya Juu akamuuza, na pesa ikakaa kwenye simu yake ikisubiri gari. Tangu siku hiyo ndoo ya maziwa ilikuwa inarudi nusu. Gari likiwa bovu, hakuna ng'ombe, hakuna gari, na mama hana kingine cha kuuza isipokuwa yule aliyebaki.

Baba mdogo si baba mdogo wa kuokota. Yeye na marehemu baba ni watoto wa ndugu wawili. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyesimama kwetu kupokea watu. Anafanya biashara ya mpakani, Holili na kurudi, na aliposikia tunatafuta gari alipiga simu mwenyewe: "Mnahangaika na madalali wa nini, na mimi nipo?"

Nilimweleza mama habari ya lile geti. Akaniangalia kama nimepiga chafya kanisani.

"Unamshuku baba yako mdogo?"

"Simshuku yeye, mama. Nashuku geti."

"Geti la watu liache."

Basi nikaliacha geti, nikaanza kulishuku gari. Nilikuwa nimetazama video kwenye simu mpaka bando likanikimbia. Nilijua kwamba ukifungua swichi kabla ya kuwasha, taa zote za dashibodi lazima ziwake kwanza, na ile ya injini isipowaka kabisa ujue kuna mtu ameiziba mdomo. Niliporudi kwa baba mdogo kulikagua, ya hili iliwaka, ikazima vizuri. Nikafurahi, halafu nikatazama chini. Mpira wa pedali ya breki ulikuwa umelika hadi chuma kinachungulia, na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi zilikuwa chache, za gari la mwalimu mstaafu. Nikachomoa kijiti cha oili. Oili ilikuwa mpya, safi, nzito kama asali ya baridi.

"Umebadilisha juzi?" nikamuuliza.

"Jana. Nikuuzie mwanangu gari lenye oili chafu?"

Ukiwa na moyo kama wangu, jibu kama hilo linakuyeyusha. Nikajiambia huu ni upendo. Usiku nikajiuliza, mbona nzito hivyo, kama ya kuficha kelele?

Siku ya kulijaribu tulimchukua fundi kutoka gereji moja ya mjini, mtu mcheshi asiyenyamaza. Alifanya kazi yake, sitamsingizia. Alikata usukani mpaka mwisho, kulia na kushoto, akalizungusha taratibu akisikiliza kama miguu ya mbele inalia ta-ta-ta. Haikulia. Alitikisa matairi. Alichungulia maji ya rejeta kama yana utando wa mafuta. Alitia gia ya mbele, akatia ya nyuma, mguu kwenye breki, aone kama gia boksi inashtuka au inachelewa. Akasema shokapu moja inavuja na bushi za mbele zimechoka, na baba mdogo akakubali palepale kupunguza bei.

Mimi nilikuwa nimeweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto. Kila nilipolikuta lile gari, ilikuwa ya moto.

"Fundi, hatuwezi kulisikiliza likiwa la baridi?"

"Dada, la baridi la nini? Linapandishwa mlimani sasa hivi. Likifika kwenu bila kuchemka, unataka nini tena? Limchukue mbunge?"

Hiyo ndiyo sheria ya kwetu, na si ya fundi peke yake. Watu wa mlimani tuna kipimo kimoja tu cha gari, mlima. Krismasi yanapopanda magari ya watu wa Dar, wazee hukaa barabarani kuangalia lipi litatoa moshi kwenye kona ya juu ya daraja, na lililopita kona hiyo limefaulu mtihani, halina swali tena. Hakuna anayefikiri kwamba gari likishafika kwetu, lolote lile, limekwisha kupata moto. Ugonjwa wake wa asubuhi umebaki kwa mtu wa chini, aliyeliwasha likiwa la baridi.

Likapanda. Kona ya daraja likaipita kama halikuiona. Fundi akapiga dashibodi kofi. "Mangi, hili gari!" akamwambia baba mdogo. Akashushwa njia panda, akapanda bodaboda kurudi kwenye kazi zake, na sisi tukaingia kwenye kihamba, shamba letu la nyumbani, tukaegesha kwenye majani chini ya migomba.

Mama alikuwa amepika mtori na ndizi za nyama. Utaratibu aliokuwa ameupanga ulikuwa mmoja: tule, tutoke tusalie gari, halafu atume pesa. Na kwa mama, gari likishasaliwa limeshanunuliwa. Huwezi kumwambia Mungu asante halafu ukarudisha. Kwa hiyo nilikuwa na muda wa chakula tu.

Kilichonisaidia ni ugonjwa wetu Wachaga wa kutomwacha mgeni ainuke. Ilikuwa Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mgongo wa nyumba, baridi ya kushika mifupa. Nikawaza, tukimlisha vya kutosha, injini itapoa yenyewe. Nikamjazia bakuli la mtori. Akala. Nikamjazia tena.

Katikati ya bakuli la pili akasimama. "Naenda kuliwasha kidogo, betri isipigwe na baridi."

Tukalisikia linawaka, kimya, safi. Bado lilikuwa la moto. Akalizima, akarudi akipangusa viatu.

Mama hakuona kitu. Mimi nilihesabu upya muda wa kupoa tangu mwanzo. Nikamwambia, kwa sauti ya mtoto, "Baba mdogo, nipe ufunguo nikapige picha kwenye usukani." Akasita. Mama akasema, "Mpe bwana, si lake?" Akanipa. Nilipiga picha kweli, tena nikicheka vizuri, na nikarudi ndani na ufunguo kwenye mfuko wa sweta.

Mvua ikaanza, ile ya kwetu isiyo na haraka. Baada ya muda akainuka tena, akapapasa suruali.

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao mimi. Nimeshauzoea."

"Nilitaka nilipashe..."

"Shemeji!" mama akamkata. "Unainukainuka kama kuku anayetafuta pa kutagia! Gari limekuwa mgonjwa wa kulishwa uji kila saa? Kaa, nyama zinapoa."

Akakaa. Akacheka, lakini akajifuta paji la uso, na ndani mle hakukuwa na joto la kumtoa mtu jasho.

Hapo ndipo aliponiweza kidogo. Akaanza kusimulia habari za baba. Kwamba walipokuwa vijana walikuwa na koti moja la mvua, na baba alimwachia yeye, akaja mwenyewe amejifunika jani la mgomba. Mama akacheka mpaka akatoa machozi. Mkono wangu ulikuwa umeushika ule ufunguo ndani ya sweta na nikatamani kumrudishia. Nikajiona mchawi. Mtu anakupa baba yako, wewe unasubiri injini yake ipoe.

Lakini kule nyuma ng'ombe aliyebaki akaanza kulia akidai majani, peke yake, na ufunguo nikaubakiza mfukoni.

Mvua ilipokatika ilikuwa karibu saa ya kukamua. Mama akafunga kanga yake, akasema, "Haya, tutoke tusali."

Nje nikaweka kiganja kwenye boneti. Ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

"Mama, tuliwashe kwanza. Tusalie likiwa linaunguruma."

"Wazo zuri."

Baba mdogo akanyoosha mkono haraka. "Niachie mimi, lina namna yake ya kuwashwa."

"Baba mdogo," nikasema, "kama litakuwa langu, si lazima niijue hiyo namna?"

Akaurudisha mkono. Mama alikuwa ameshainamisha kichwa na kufumba macho. Nikakaa, nikazungusha ufunguo.

Kra-kra-kra-kra-kra.

Kuku wakatawanyika. Mlio ukapanda kwenye migomba, ukarudi, halafu ukazima ghafla na injini ikaanza kuunguruma kwa upole, kama haikuwa yenyewe. Mama akafumbua macho. Akalitazama gari. Akamtazama shemeji yake.

"Shemeji," akasema taratibu, "na lile geti umekuja nalo?"

Nikazima. Baba mdogo akasogea hadi kwenye ngazi ya mlango, akakaa juu ya saruji yenye maji.

"Ni cheni ya ndani ya injini," akasema. "Imelegea. Linavuja, oili inapungua, asubuhi cheni inapiga mpaka oili ipande. Fundi wa Holili aliniambia ikikatika, injini imekwisha. Kuishusha na kuitengeneza sina uwezo." Alikuwa anaongea na viatu vyake. "Na mimi niliuziwa hivihivi, likiwa limeshapashwa moto. Nikasema, angalau wao wako mlimani, hawataenda mbali nalo."

"Na sisi," mama akauliza, "tungemuuzia nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kufurahi, kwa sababu nilikuwa nimeshinda, sivyo? Nikamwona vile alivyokaa, makalio yameloa, na mdomo umefanana na wa baba. Furaha haikuja.

Mama akarudi mahali pake mbele ya gari. "Tulikuwa tunasali," akasema, "tusali." Akasali. Hakuliombea gari. Alimwombea shemeji yake afike salama kwa watoto wake, amina, akaingia bandani akatoka na mkungu wa ndizi, akautia kwenye buti kwa mikono yake.

"Shikamoo" ya kuagana nilimpa mimi, maana sikupata neno jingine. Akaitikia. Akanipokea ufunguo, akaushika pamoja na vidole vyangu, na kuniambia, "Umesikiliza vizuri, mama." Likashuka na ukungu, safi kabisa, halina mlio. Ungelipishana nalo barabarani ungesema, lo, gari hilo.

Pesa ya mama ilibaki kwenye simu. Akachukua ndoo, akaenda kukamua, na nikamsikia akimwambia ng'ombe kwamba labda mwenzake atakuja. Krosova yangu bado naiota. Siku hizi naiota ya baridi.

Nilibaki uani. Pale lilipokuwa limeegeshwa, majani yalikuwa yamelala, na katikati kulikuwa na doa la oili, jeusi, linang'aa juu ya maji ya mvua. Njia ya majirani kwenda kisimani inapita hapohapo. Kesho wangeuliza, gari la nani lililovuja hapa? Na mama hajui kudanganya; angemtaja shemeji yake.

Nikaingia jikoni, nikachota majivu ya mafigani kwa lile bakuli la mtori la baba mdogo, nikatoka nikayamwaga juu ya doa, nikayasambaza kwa mguu mpaka weusi ukaisha.