Saa Iliyonuka Mawese

Mawese yakianza kuchemka jikoni, hata leo, natega sikio kwanza.

Shangazi yangu, mwenye duka la vitenge Kasulu mjini, alikuwa na wazimu wa saa za kale: za mbao, za shaba, hata moja ya kauri. Asubuhi moja ya baridi kali, bibi mmoja kutoka Nyakitonto alituletea dukani saa ya mezani, ya mbao nyeusi, ameifunga kwenye kanga.

"Ninaiuza. Imerogwa hii! Kila asubuhi inakufa, jua likiwaka inafufuka."

Shangazi akagonga mbao, akakwaruza mishale kwa kucha. "Shaba tupu!" Mimi nikafungua kimlango cha nyuma, nikaingiza pua. Mawese! Yalikuwa yameganda kwenye meno yote ya magurudumu.

"Bibi, uliipaka mafuta?"

"Sasa mjukuu wangu, ilikuwa inakwaruza, ningeiacha hivihivi?"

Jua lilipochomoza tukaianika nje, tukachuchumaa wote watatu. Mafuta yakalainika, yakameta mekundu, mara tak, tak, tak! Shangazi akapiga vigelegele.

"Haya, bibi, bei gani?"

Bibi alikuwa ameshaifunga mgongoni kama mtoto. Akaondoka nayo barabarani, ikigonga.