Magunia Yaliyobaki Barazani

Jino langu la kwanza kung'olewa na mtu lilikuwa gego la chini, mkono wa kushoto, na aliyeling'oa alikuwa kinyozi. Siku hizo kinyozi ndiye aliyekuwa daktari wa kila kilicho juu ya shingo, na vingine vya chini sivitaji. Alinikalisha kwenye baraza ya duka moja la nguo, katika ile barabara ambayo sasa yaitwa Biashara, kwa sababu baraza ile ilikuwa na kivuli na yeye hakuwa na kibanda. Mjomba wangu akanishika kichwa. Mimi nikamuuma kinyozi. Nikisema nalimuuma si uongo, alama alikaa nayo mpaka kufa kwake, na kila akininyoa alininyooshea kidole kile, akasema, "Hiki ni chako, bwana, siku ukikitaka."

Mwenye duka alikuwa Mhindi Mwislamu, mzaliwa wa Mji wa Kale kama mimi. Alisikia kelele, akatoka na karafuu mkononi. Hakuuliza huyu ni mtoto wa nani. Alinitia karafuu pale palipokuwa na jino, akanifunga kidevu kwa kipande cha bafta alichokikata kwenye jora jipya, akarudi ndani kuuza. Ndivyo alivyokuwa mtu yule. Mkono wake ulikuwa ushatoa kabla mdomo haujauliza. Nakwambia haya kwa sababu watu wakisikia kisa hiki humfanya mbaya, na hakuwa mbaya.

Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, sikukaa sana. Nalifika sura ya Tabaraka, mjomba akanitoa, akaniweka kwenye cherehani. Alipokufa akaniachia cherehani ile bila ya mahali pa kuiweka. Nikamwendea mwenye duka. Akanitazama mdomoni kwanza.

"Wewe si yule wa jino?"

"Ndimi."

"Weka hapo. Ila usiume wateja wangu."

Nikakaa baraza ile miaka na miaka, na vita vya Hitla vikanikuta hapo hapo. Kilindini meli zikingojana kuingia. Mjini nguo ilikuwa ya kibali na unga ulikuwa wa foleni, na kazi yangu ikawa kugeuza kola za mashati makuukuu, upande uliochakaa ukaingia ndani. Huko bara nyuma yetu, kwa Waduruma na Wagiriama, mvua ilikuwa imekatika, na watu wakivuka daraja la Makupa kuja kutafuta vibarua, na wengine wakija tu, bila ya kujua watafuta nini.

Ndipo akanijia mzee mmoja wa Kiduruma na magunia matupu kwapani. Aliwahi kuwa kuli bandarini mpaka mgongo ukamshinda, akarudi kwao, ng'ambo ya Mazeras.

"Sabalkheri, fundi. Gunia hili latoa suruali ngapi?"

"Za nani?"

"Za watoto."

"Wakubwa au wadogo?"

"Wapo wa kila namna."

"Mzee, una wake wangapi wewe?"

"Nalikuwa na mmoja, kafa. Na watoto si wangu."

Akakaa ukingoni mwa baraza, akanieleza huku nikishona. Mtoto wa kwanza aliachiwa na jirani aliyekwenda kutafuta chakula asirudi. Wa pili alimfuata wa kwanza kwa kuwa walikuwa wakicheza pamoja. Baada ya hapo watu wakajua kuwa kwa mzee yule na dada yake mjane hakufukuzwi mtoto, wakawa wawaleta, na wengine wawaacha asubuhi penye ua bila ya kubisha hodi. Hakukuwa na mzungu, hakukuwa na padre wala shehe. Vibanda viwili, mzee, dada yake, na watoto wakilala kwenye ngozi wamebanana.

Mwenye duka alikuwa akisikiliza toka ndani. Sikuwahi kumaliza mguu wa suruali ya pili, akatoka na mikato ya nguo kaikumbatia kifuani.

Toka siku ile kila mwezi mzee alikuja, na kila mwezi hakurudi mikono mitupu. Shemeji wa mwenye duka alikuwa na ghala la nafaka Kilindini, na kwake tulipata mahindi na mtama. Muuza samaki akitoa papa mkavu. Mjane mmoja wa Kibokoni akituletea vipande vya sabuni alivyovikusanya. Mimi nalitoa kushona, sina kingine. Na wale wakaao barazani bila ya kazi walitoa maneno.

"Mzee wa watoto, je, huko mmeongezeka?"

"Tumeongezeka meno tu."

"Watakula mpaka wakule na wewe."

"Mimi ni mifupa mitupu, watanitema."

Alikuwa akija mara nyingine na kitoto kimoja cha kike kilichoshika upindo wa shati lake. Hakikusema. Ukikipa kashata chaivunja, chaitia nusu mfukoni mwa mzee. Mimi nalikipenda kitoto kile, kwa nini nifiche.

Sasa mama yake mwenye duka akafariki. Alikuwa bibi mkubwa sana, na mwanawe alimlilia kama mtoto mdogo. Arobaini ilipokaribia, mwenye duka akamwita mzee ndani, akampa kiti, jambo ambalo halikuwa la kawaida.

"Mzee, mama alikuwa akipenda mayatima. Siku ya arobaini nataka wale kwangu. Waje wote."

Mzee akasema, "Hawajapata kuvuka maji, tajiri. Wengine hata treni hawajaiona."

"Nitaleta lori la shemeji. Wale, washibe, waombewe na wamwombee mama. Halafu utarudi na magunia. Mara hii si ya mwezi, ni ya mpaka mavuno, na mbegu ndani yake."

Mzee alipotoka akakaa kwangu, akaniambia jambo ambalo ndani hakulisema. Mbegu walikuwa wamezila. Mawingu yalikuwa yashaanza kusimama upande wa kwao, na hakuwa na punje ya kutia ardhini. Bila ya magunia yale, mvua ingenyesha juu ya shamba tupu, na mwaka mzima wangeukaa hivyo hivyo kwa kuomba. "Basi nitawaleta," akasema.

Siku zile kabla ya arobaini, dada zake mwenye duka na jirani zake walikuja dukani wakichagua vitambaa vya nguo za watoto wale. Mmoja akasema wa kwangu mshonee ya maua. Mwingine akasema wa kwangu awe na kofia ya mkono, si ya duka. Nikadhani kila mmoja amechagua wa kumpa zawadi. Nikashona. Zilikuwa nguo nzuri, nazikumbuka mpaka leo, na mishono ya ndani nimeikunja mara mbili ili zidumu.

Nyumba ya mwenye duka ilikuwa Mji wa Kale, ya ghorofa, mlango wa nakshi na ngazi ya giza ya kupandia kwa wanawake. Watoto walikalishwa ukumbini kwenye mikeka, wameoshwa, wamevaa. Khitma ikasomwa. Sinia za pilau zikaja, na hapo nikaona jambo: hawakunyoosha mkono mpaka mzee alipomega tonge la kwanza. Baada ya chakula wageni wakapita kuwapapasa vichwa, kama ilivyo kwetu kwa yatima, kila mtu na dua yake.

Mgeni mmoja tumbo mbele, mfanya biashara wa nazi, akauliza kwa sauti, "Hawa Wanyika wajua bismillahi kweli?"

Mzee akasema, "Wajua kushukuru, bwana. Lililobaki ni wewe kuwafunza."

Watu wakacheka, na yule wa nazi akacheka pia. Mpaka hapo ilikuwa karamu njema.

Kisha wanawake wakateremka nusu ya ngazi, wakaanza kuwaita watoto waje juu. Huyu ndoo. Na yule ndoo. Watoto wakapanda mmoja mmoja, wadogo kwanza, na wakubwa wawili watatu wakashikwa mikono na wanaume waliokuwa wakitoka. Mzee akadhani wanakwenda kupewa peremende. Alipoona mikeka imekuwa mitupu upande mmoja, akasimama.

"Tajiri, watoto wangu wanakwenda wapi?"

Mwenye duka akamshika bega. Uso wake ulikuwa unang'ara, wallahi, kama wa mtu aliyeweka jambo la furaha kwa siri na sasa analitoa. "Wamepata kwao, mzee. Kila mmoja nyumba yake. Dada yangu achukua wawili, jirani huyu mmoja, na wale pale. Watalala kitandani, watasoma chuo. Wewe utabaki na wakubwa waliosalia wa kukusaidia shamba."

Inataka uwe mtu wa Mji wa Kale uelewe kwa nini hakumuuliza kwanza. Kwetu mtoto kulelewa nyumba nyingine si kitu. Nusu ya watu wa nyumba ile walilelewa na asiyekuwa mama yao. Mtu akikupenda hukuomba mwanao, na ukimnyima atakuona bahili. Mwenye duka alitoa watoto wale kama alivyonitia mimi karafuu.

"Sikuwaleta kugawanywa," mzee akasema.

"Si nakupunguzia mzigo?"

"Mzigo si wao."

"Mimi mwenyewe nalilelewa na shangazi yangu. Nimedhurika wapi?"

"Shangazi yako alimjua mama yako. Ulipomhitaji mama ulijua alipo. Hawa, tajiri, wamejuana kwa kulala pamoja tu. Ukiwatawanya, yule mdogo atamuuliza nani kuwa yeye ni nani?"

Mwenye duka akatazama wageni wake, akasema kwa sauti ya chini, "Nimeshawaahidi watu, mzee. Siku ya mama."

"Ahadi ni yako."

Hakupaza sauti. Alisimama chini ya ngazi, akawaita watoto kwa majina, kwa Kiduruma, kama mtu anayeita mbuzi warudi zizini. Wakaanza kuteremka. Mmoja alikuwa analia na halua mkononi. Juu tukasikia mwanamke anasema, "Waache, hawajui jema," na mwingine anamnyamazisha. Waliokwisha kutoka na wanaume wakarudishwa toka kichochoroni, wamenuniwa. Wote wakafika isipokuwa kile kitoto cha upindo wa shati.

Mzee akatoka nje, akatazama juu. Kitoto kilikuwa dirishani, kimeshika vyuma, nywele zimepakwa mafuta, na bibi mmoja amekizungushia mkono.

"Teremka, mama."

Kikatikisa kichwa. "Mimi nalala hapa, babu." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuisikia sauti yake.

"Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Haya," mzee akasema.

Magunia yalikuwa yamepangwa kwenye baraza ya nyumba, yameshonwa midomo na mkono wangu, na lori limesimama barabarani. Mwenye duka akatoka. Macho yalikuwa mekundu. "Magunia ni yako, mzee, hata kama hungeniachia hata mmoja. Sikuyafunga kwa sharti. Pakia."

Mzee akaweka kiganja juu ya gunia la mbegu, akalibonyeza, kama kuli anayekisia uzito. Naliona midomo yake ikienda. Mimi nikamnong'oneza, "Chukua, mzee. Kuna wengine wa kulisha."

"Nikichukua gunia na yule yuko dirishani," akasema, "nitawaambia nini hawa njiani?"

Mpaka leo nayapima maneno yale. Maana wale wengine walikuwa na njaa ya kwenda kuikuta. Magunia yale yalikaa barazani mpaka fukusi wakaanza kutoka, na mwenye duka hakukubali yauzwe. Akatuma lori Mazeras mara mbili. Vibanda vikaonekana, watu hawakuonekana, na jirani wakasema wamehamia ndani zaidi, hakuna ajuaye wapi. Kitoto kilikulia pale ghorofani. Kila mtu wa Kiduruma akipita kichochoroni, kilikuwa chakimbilia dirishani.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile mzee alinigeukia, akashika kola ya mtoto aliyekuwa karibu naye.

"Nguo hizi ni mkono wako, fundi?"

"Ni wangu."

"Basi hizi twenda nazo."

Dereva akafungua mlango wa lori. Mzee akampungia kama kumshukuru, akampita. Watoto wakashikana mikono, wakubwa na wadogo, wakamfuata kwa miguu upande wa Makupa. Upindo wa shati lake ulikuwa umekunjika vile vile kwa nyuma, pale palipozoea kushikwa. Hakugeuka kutazama dirishani. Akaenda zake, asirudi tena.