Usipa Juu ya Sola ya Shemeji

Jumamosi ya kwanza baada ya Pasaka nilipoteza betri ya marehemu mume wangu, na ile heshima kidogo niliyokuwa nayo hapa Ngumbo ikaondoka na moshi wake. Nasema mwenyewe kabla hamjasimuliwa na wanakwaya, maana wale hawajui kusimulia bila kuongeza chumvi.

Betri yenyewe haikuwa ya kujivunia. Marehemu alikuwa mvuvi, si fundi, na kwenye kibanda chetu cha ufukweni alifunga paneli moja ndogo, betri moja na balbu moja juu ya kitanda. Nyaya zote mbili zilikuwa nyeusi (ndizo alizopata), kwa hiyo ule wa chanya aliufunga kipande cha uzi wa nyavu ili asikosee. Tangu tumzike, kila jioni nilikuwa naiwasha ile balbu. Mtumbwi wake ulishaoza, uzio umeanguka; kazi ya mikono yake iliyobaki hai ni hiyo taa.

Ikakaribia misa ya kumaliza mwaka tangu afariki. Akaja shemeji Bosko, mdogo wake marehemu, dereva wa lori la makaa ya mawe kule Ngaka, mtu ambaye akishika usukani anajiona mwenye mgodi. Akaitazama balbu yangu, akacheka.

"Shemeji, hii ni taa au kimulimuli? Kumbe kaka aliishi hivi? Nikuletee sola kubwa?"

Ningenyamaza, mambo yangeishia hapo. Lakini ndugu wa Mbinga walikuwa wanateremka kuja misani, na mimi nilishachoka kuhurumiwa, nikamwambia haya, lete. Akaleta paneli mbili kubwa kama milango, betri mpya, na inveta ya kuendesha kinanda na spika za kwaya. Paa letu la nyasi lisingezibeba paneli, akazilaza juu ya kichanja changu cha kuanikia usipa, dagaa wetu wa ziwani, akajipiga nazo picha. Mimi nami, ili nisionekane mchafu, nikaipangusa betri ya marehemu, nikaona ule uzi umeshika masizi, nikaukata nikautupa. Nilimwonea marehemu aibu mbele ya wageni. Basi, mkasi mmoja tu.

Siku ya misa watu walijaa uani, penye kaburi la marehemu. Padre akaanza, kinanda kikalia kidogo kama mbuzi aliyekabwa, kikanyamaza. Bosko akaingia ndani akinivuta.

"Betri mpya haina kitu. Tuiunganishe na ile ya kaka isaidie. Chanya ni upi?"

Nilikuwa sijui. Uzi ndio uliokuwa unajua, na uzi ulikuwa jalalani. Lakini mlango ulikuwa wazi, ndugu wote wa Mbinga wamenyoosha shingo, nikaona bora nionekane mjuzi, nikaonyesha waya mmoja kwa kidole kama mhandisi. Bosko naye, fundi wa kujipiga picha, akaunga bila kupima.

Cheche ziliruka, betri ya marehemu ikavimba kama chura, moshi ukatoka hadi uani. Wanakwaya walikimbia wa kwanza, sauti ya pili mbele (hiyo ndiyo siku pekee niliyowaona wakienda pamoja). Padre alibaki na kitabu chake anakohoa.

Bosko akakimbilia kichanjani kutafuta ubovu. Paneli zilikuwa hazionekani. Zilifunikwa usipa mbichi kutoka pembe hadi pembe, na shangazi yake wa Mpepai amekaa pembeni anafukuza kunguru kwa kanga.

"Nani kaanika samaki juu ya sola?"

"Mimi, tangu asubuhi. Kwani hiki si kichanja?" shangazi akajibu. "Kwetu milimani kinachokaa juu ya kichanja ni kahawa. Ningejuaje kama ninyi mnaanika vioo?"

Watu walicheka mbele ya kaburi la mume wangu, Padre akiwemo, na sikuwa na uso wa kumlaumu yeyote. Misa iliendelea kwa midomo mitupu. Kwaya iliimba vibaya kama kawaida yake, ila bila spika ikawa nafuu.

Bosko aliondoka siku ile ile, paneli akaziacha, akisema makaa hayasubiri. Jioni nilibonyeza swichi kwa mazoea. Taa haikuwaka. Nikaenda jalalani kabla giza halijaingia, nikafukua, nikaupata ule uzi, nikaufungia kwenye pindo la kanga yangu.

Kulipokucha, shangazi akabisha hodi na ndoo kichwani.

"Mwanangu, zile mbao nyeusi za Bosko zinakausha kuliko jua la kwetu. Nimenunua wengine. Kuna ubaya?"

Nikamwambia aanike.