Kibao cha Juu na Chuma cha Chini

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mpaka leo mwili unanisisimka. Umeniambia jana kwamba umepata Landrova ya zamani kule ziwani, Mbamba Bay, rangi inang'aa, na kwamba muuzaji ni mwenzako wa kwaya, kwa hiyo huna wasiwasi. Hilo neno la kutokuwa na wasiwasi ndilo lililoninyima usingizi. Kaa kitako nikusimulie, na hiyo simu iweke mfukoni kwanza.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa. Zamani kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, ushirika. Ghafla wakaanza kuja wanunuzi binafsi hapa Mbinga, na kila mwenye shamba akataka gari. Baba yangu naye akashikwa na homa hiyo. Mpango wake ulikuwa mimi niwe dereva, nishushe mahindi na abiria ziwani, nirudi na usipa, wale dagaa wetu wa Nyasa. Leseni yangu ilikuwa bado mpya na kichwa kilikuwa kimenivimba.

Gari lililetwa na Mzee Otmari, mtu wa ziwani, rafiki wa baba tangu ujana. Ndiye aliyesimama na mimi kanisani siku ya kubatizwa kwangu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa ufunguo nilizungushe gari uwanjani. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa.

Sasa sikiliza. Gari la zamani hutambulika kwa namba. Moja iko kwenye kibao kidogo ndani ya gari. Nyingine imegongwa kwenye chuma chenyewe cha chasisi, mbele, upande wa dereva, karibu na springi. Zote mbili zifanane, na zifanane na kadi ya gari. Mimi nilisoma kibao, nikasoma kadi, zikalingana, na baba akaridhika. Kulala chini na kukagua gari la mtu mnayesali naye, anayesubiri kula nyumbani kwako? Kwetu hilo lilikuwa tusi. Ni sawa na kumwita mwizi.

Mama alikuwa jikoni akimpikia mgeni. Alitoka na kisu mkononi, akachungulia ndani ya gari.

"Deo, hicho kibao kimefungwa na nini?"

"Skrubu, mama."

"Kwa hiyo nikikifunga kwenye mlango wa jiko langu, jiko litatembea?"

Baba alicheka. Mzee Otmari hakucheka.

Kabla hatujajua anataka nini, mama alijifunga kanga kiunoni, akalala chali, akajiingiza chini ya gari. Mwanangu, nilitamani ardhi ipasuke inimeze! Mke wa mtu, mbele ya mgeni wa heshima, miguu nje kama fundi!

"Mama Deo, toka huko! Unatutia aibu!" baba akafoka.

Hakutoka. Tulimsikia akikwangua rangi nyeusi nzito kwa kile kisu, kisha akaniagiza nimletee konzi ya unga. Aliusugua pale kwenye chuma, unga ukaingia ndani ya namba zilizogongwa, zikaonekana nyeupe. Baadaye niliwaona mafundi wakifanya hivyo kwa chaki. Kwa unga wa ugali nimemwona mama peke yake.

"Soma kibao kwa sauti," akasema. Nikasoma.

"Rudia, polepole." Nikarudia.

"Deo, wewe unasoma gari gani huko juu? Huku chini ni jingine kabisa."

Baba alipiga magoti akaingia mwenyewe, na koti lake la kanisani. Alipotoka hakuwa yule aliyecheka.

"Otmari, chasisi hii ni ya gari lipi?"

Mzee Otmari alitazama viatu vyake. "La ile ajali."

"Ajali ipi?"

"Ya Kasiana."

Kasiana alikuwa mdogo wake mama. Alikufa kwenye mteremko wa kwenda Mbamba Bay, gari lilipoacha njia likatumbukia bondeni. Na Mzee Otmari huyuhuyu ndiye aliyetuongozea rozari msibani! Kumbe aliyanunua yale mabaki, akainyoosha chasisi kwa moto, akaichomelea, akapachika juu yake bodi na kibao cha gari lake mwenyewe, ambalo chasisi yake ilikuwa imeoza. Niliingia chini na mimi. Nilipogusa kwa spana mahali palipochomelewa, kutu ilimwagika na ufa ukafunguka, kucha yangu ikapenya. Hilo ndilo gari ambalo ningelijaza watu, niteremke nalo mteremko uleule.

Mama hakupiga kelele. "Shemeji, huyu ni mtoto wako wa ubatizo. Ungemwacha ateremke nalo?"

Jibu lake lilinishtua kuliko yote niliyoyaona siku ile. "Mngeniuliza, shemeji, ningewaambia. Tangu asubuhi nangoja mniulize. Hakuna aliyeuliza."

Alikuwa analia, mwanangu, na mimi naamini alisema kweli. Baba alitia ufunguo mfukoni, akakataza gari lile lisiteremke na mtu yeyote, hata mwenye gari. Mzee Otmari akarudi ziwani kwa lori. Jioni baba aliniita, akaniambia maneno machache tu: "Tulimwonea haya, tukakaribia kukuzika."

Basi nenda ukanunue, sikukatazi. Ila nenda mchana, uvae nguo usiyoionea uchungu, ulale chini. Kwangua mpaka uione namba, uilinganishe na kibao, uilinganishe na kadi. Ukikuta imesagwa, au chuma kimechomelewa palepale, shukuru na uondoke. Na hata zikilingana, muulize muuzaji usoni, bila kuzunguka, chasisi hii ni ya gari lipi. Muulize hasa kwa kuwa unampenda, maana usiyempenda ungemkagua bila kuambiwa. Akikasirika, utamwomba radhi, na utamwomba ukiwa hai.

Mungu akushushe salama, akupandishe salama, na kila utakayempakia amfikishe kwa watu wake.