Spika Kwenye Nyumba ya Kimya

Msusi hakuwa mtu wa kukosa neno. Saluni yake ya viti viwili ilikuwa na kelele kuliko stendi, na mwanawe wa pekee alirithi mdomo huohuo. Walimwita Spika, ile ya redio. Akiimba bafuni, mtaa mzima ulijua amefika kwenye kupaka sabuni. Basi Spika huyohuyo akaenda kuwa mtawa kwa Wabenediktini, watu wa kunyamaza! Mama alicheka mpaka akalia, halafu kicheko kikaisha akabaki analia tu.

Tangu hapo nyumba ilimpwaya. Alitamani kuisikia sauti ile, hata ikimwomba hela ya vocha. Siku moja uzalendo ukamshinda. Akamwachia msusi mwenzake kichwa kilichosukwa nusu, mwenye kichwa akilalamika, akapanda basi.

Monasteri ilijengwa kabla bibi yake hajazaliwa. Kuta nene, ngazi zimelika katikati kwa nyayo za watu. Bruda wa mapokezi, mzee mwenye miwani iliyofungwa uzi, alimkaribisha chai, kisha akamkata maini.

"Mama, wiki hii wanovisi, hawa watawa wapya, wako kwenye mafungo. Hawaongei na mtu."

"Hata na mzazi?"

"Hata na mzazi. Pole sana. Lakini twende kwenye sala ya jioni, utamsikia akiimba."

Kanisani watawa walikaa safu mbili zinazotazamana, kofia za kanzu zimewafunika nyuso. Msusi akatega sikio. Wapi! Waliimba Zaburi kama mtu mmoja, taratibu, na kumtafuta Spika humo ilikuwa kutafuta chumvi iliyokwisha kuyeyuka. Uchungu ukampanda. Hata sauti wamemnyang'anya, alijisemea.

Basi akafungua kitabu cha Zaburi alichopewa mlangoni, akaona heri aimbe pamoja naye. Asichojua ni kwamba katikati ya kila mstari watawa hunyamaza kidogo, wavute pumzi. Wao wakanyamaza. Yeye akaendelea peke yake, kwa sauti ya saluni.

Kabla hajaona aibu, sauti nene ikadandia palepale kwenye kimya, ikamfuata mama yake kama walivyokuwa wakiimba nyumbani wakifua. Neno moja tu, ikakatika. Ni yeye! Moyo wa mama ukaruka. Kijana mmoja wa safu ya nyuma akatoka kitini, akapiga goti sakafuni, akainamisha kichwa, akarudi mahali pake.

"Ana nini?" mama akamnong'oneza bruda wa mapokezi aliyeketi kando yake.

"Amekosea kuimba. Anayekosea hupiga goti."

"Lakini kosa ni langu, bruda."

"Tumesikia, mama."

Msusi akafunga kitabu, wala hakufungua mdomo tena mpaka sala ikaisha.

Getini bruda akamshika mkono. "Chumba cha wageni kipo. Lala, asubuhi tunasali tena."

Mama alitazama nyuma, akatamani mno kukubali.

"Hapana, bruda, acha niende. Nikibaki nitamkosesha tena, na safari hii makusudi."