Redio Aliyoichagua Mama

Mlio wa redio inayotafuta stesheni hunirudisha, popote nilipo, kwenye duka la Mhindi mmoja mjini Shinyanga, nikiwa nimeshika ncha ya kanga ya mama.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Kwetu Maganzo wenye redio walijulikana kwa majina, na baba, aliyekuwa ameuza pamba vizuri mwaka huo, aliapa kwamba hatasimama tena dirishani kwa watu kusikiliza habari. Tukapanda lori: baba, mama, mimi, na baba mdogo Masanja, fundi umeme wa mgodi wa almasi. Baba mdogo alipakata mita yake ya kupimia umeme kama mtu aliyebeba mayai.

Mhindi alituwashia redio mbili. Moja ilikuwa mpya, nyeupe kama jino. Nyingine ilikuwa ya mbao, pana, uso wake umefunikwa kitambaa cha kahawia. Baba mdogo akaunganisha waya za mita kwenye ile nyeupe. Sindano ikapanda, ikatulia. Kwenye ya mbao ikapanda kidogo tu, ikatetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Kaka, hapa hakuna ubishi," alisema. "Nyeupe ina sauti safi. Hii nyingine inanguruma tu."

Mimi hata mita sikuihitaji. Katika ile nyeupe, mwanamke aliyekuwa akiimba alisikika kama amesimama mbele yetu. Katika ya mbao, alikuwa kama kafunikwa na chungu.

Mama aliisikiliza nyeupe, uso wake haukubadilika. Ilipowashwa ya mbao aliinama, akaweka kiganja juu yake, akatabasamu. Tangu homa imchukue mdogo wangu sikuwa nimeliona tabasamu lile.

"Hii," alisema.

"Shemeji, mita inasema..."

"Kwani mita ndiyo itakayosikiliza?"

Baba alimtazama mama kwa muda, kisha akamgeukia Mhindi. "Tufungie ya mbao."

Baba mdogo alinuna njia nzima. Habari zikaenea, na kilabuni baba akawa kichekesho: mwanamume anayechaguliwa na mkewe hata sauti ya kusikiliza! "Mimi napenda mngurumo," aliwajibu, akicheka nao. Lakini nyumbani nilimwona akitega sikio, akikosa nusu ya maneno ya habari. Nilimwonea aibu baba yangu, na mama nikamkasirikia. Yeye kila jioni alivuta kigoda karibu na redio, akichambua choroko, midomo yake ikifuatisha wimbo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa muuguzi, nilimpeleka mama kupimwa masikio. Daktari alinieleza kwamba sauti nyembamba zilikwisha kumpotea zamani. Zilizobaki ni zile nzito.

"Ni ile homa, ng'wanawane," mama aliniambia tulipotoka. "Tuliugua wote, mimi na mdogo wako. Yeye ikamchukua, mimi ikanichukulia masikio. Sikutaka watu waanze kunipigia kelele kama ng'ombe."

"Na baba?"

"Sikumwambia."

Jioni ile nilimfuata baba zizini, nikamweleza aliyosema daktari. Hakushtuka.

"Nilijua kabla hatujapanda lori," alisema.

Kwa miaka yote ile nilikuwa nimemhesabu baba kuwa mnyonge. Nilisimama pale nikikumbuka kila kicheko alichokimeza kilabuni. Yeye alifunga lango la zizi, akasogea karibu.

"Mama yako anaamini sijui," alisema. "Usimwambie."