Baba Yangu na Chanjo ya Watoto Wachanga

Baba yangu alificha damu kwenye mkojo wake kwa miezi mitatu. Alikuwa fundi mstaafu wa reli, mtu asiyezungumzia habari za mwili wake hata na mama. Niligundua siku alipokuja kunitembelea mtaani kwangu, Kampemba. Maji yalikuwa yamekatika, akatoka chooni bila kumwaga maji, nami nikaiona damu. Nilipomuuliza, alitazama pembeni.

"Iko kitu kidogo, mwanangu. Itapita."

Haikupita. Daktari, mama mfupi mwenye sauti ya upole, alimpitishia kamera kwenye njia ya mkojo akakuta saratani ndani ya kibofu. Aliikata, kisha akatuita kutueleza kwamba huenda ikarudi, na kwamba angependa kutumia BCG.

Nilidhani nimesikia vibaya. "Docteur, ile chanjo ya kifua kikuu? Ile banachomaka batoto bachanga?"

"Njo ileile. Lakini hatutachoma. Tutaiingiza ndani ya kibofu na mupira mwembamba, kupitia njia ya mkojo."

Alieleza kwamba vijidudu vya chanjo hiyo vimedhoofishwa. Mwili ukiviona hutuma askari wake, na askari wakishafika huishambulia pia saratani iliyobaki imejificha pale pale. Baba alisikiliza huku amekunja mikono.

"Kumbe askari balikuwa bamelala," alisema. "Basi tubaamushe."

Dawa iliagizwa kutoka nje, ikapitia Zambia, ikafika ndani ya sanduku la barafu. Kila Jumanne, kwa wiki sita, nilimsindikiza. Muuguzi akishaiingiza, baba alitakiwa kukaa saa mbili bila kukojoa, huku akigeuka kila robo saa: chali, ubavu wa kushoto, kifudifudi, ubavu wa kulia. Mzee wa umri ule, na kibofu kilichotoka kukatwa! Nilimwona akiuma midomo, jasho likimtiririka, akihesabu dakika kwa Kifaransa. Hakushindwa hata mara moja. Nyumbani tulimwaga Javel, maji ya kuua vijidudu, chooni kila alipotoka, kama tulivyoagizwa.

Baada ya mara ya tatu homa ilimshika, akatetemeka chini ya blanketi mbili. Mama alitaka tuache. Nilimpigia daktari, aliuliza maswali mengi, akasema isiposhuka kesho yake tumpeleke mara moja. Asubuhi ilikuwa imeshuka, na baba alikuwa anadai bukari, ugali wetu, na samaki.

Wiki ya tano tulimkuta kwenye benchi la hospitali mwanaume mmoja, mwenye malori, mtu wa Kivu. Alipoelezwa habari za mpira alisimama aondoke. Baba akamshika mkono, akamwambia watu wote wakisikia:

"Kaka, kaa kwanza. Mimi nilikojoa damu miezi tatu, nikaogopa kusema. Aibu inaua muntu kuliko mupira."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumsikia akitamka neno kukojoa mbele ya mgeni. Yule mwanaume akakaa. Walizungumza mpaka baba alipoitwa.

Miezi mitatu baadaye kamera ilipita tena. Daktari aliniita ndani, akatugeuzia skrini. Tuliona ukuta wa rangi ya waridi, laini, wenye mishipa myembamba.

"Hakuna kitu," alisema. "Tutaendelea kuangalia mara kwa mara, lakini leo hakuna kitu."

Baba alijiinua kwa kiwiko.

"Njo ndani yangu hii?"

"Njo ndani yako, papa."

"Onyesha tena," akasema, na daktari akairudisha kamera taratibu, upande hadi upande, ili aone vizuri.